Podikasti ya dini ikianza kuleta fedha: Ni biashara au ni wakfu?

 

Ijumaa hii tumeona tulijibu kwa urefu swali la mama mmoja wa Dar es Salaam, kwani ni swali ambalo familia nyingi za Kiislamu zitakutana nalo, ikiwa bado hazijakutana nalo. Mwanawe, fundi wa simu mwenye umri wa miaka 26, pamoja na vijana wawili waliosoma naye madrasa, wamekuwa kwa miaka miwili wakitoa podikasti ya nusu saa kila Alhamisi usiku, wakieleza mas-ala ya twahara, ndoa, mirathi na malezi. Walianza kwa mapenzi tu na kwa kutafuta radhi za Allah. Kompyuta ni ya baba, kipaza sauti kilinunuliwa na shemeji, jina la kipindi lilibuniwa na mmoja wa wenzake, na sauti inayojulikana na wasikilizaji ni ya mwanawe. Sasa wasikilizaji wameongezeka, na kampuni moja inayokopesha fedha kwa njia ya simu imejitokeza kutaka kukidhamini kipindi. Kijana anataka kuacha ufundi. Mwenzake aliyebuni jina anasema jina ni lake, na bila yeye hapana kipindi. Hawajasalimiana tangu mwezi wa Muharram. Mama anauliza: mwanangu afanye nini, na je, fedha hiyo ni halali?

Kwa wazee wetu ambao neno hili ni geni, podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti, naye msikilizaji hukichukua kwa simu yake na kukisikiliza wakati autakao, akiwa jikoni, dukani au ndani ya daladala. Neno lenyewe lilianza kuandikwa magazetini Uingereza mwaka 2004, na mwaka 2005 kampuni ya Apple ikaingiza vipindi vya namna hii katika programu yake ya iTunes, vikaenea duniani. Sisi tuliokulia zama za kaseti hatuoni ajabu kubwa. Mawaidha yaliyonaswa msikitini yakanakiliwa kaseti hadi kaseti, yakavuka kutoka Unguja hadi Tanga na Mombasa, yalifanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kaseti ilikuwa na mwenyewe aliyeishika mkononi. Podikasti haishikiki, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Wala si mara ya kwanza kwa Waislamu wa mwambao kuanza na chombo kidogo kisicho na mfadhili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza mjini Mombasa mwaka 1930 kwa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Al-Islah halikudumu miaka mingi. Lakini makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na watu ambao hawakuwahi kuiona karatasi ile wakaisoma elimu iliyokuwamo. Chombo kilikoma, kilichomo kikabaki, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekihifadhi na ilijulikana ni kazi ya nani.

Tuanze na lile jepesi, nalo ni ufundi wa kukikuza kipindi, kwani vijana hudhani ndilo zito. Imethibiti katika Sahihi mbili, kwa upokezi wa Bibi Aisha (R.A.), kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo hata ikiwa chache. Kipindi kinachotoka kila Alhamisi bila kukosa, hata kikiwa cha dakika 20, hujenga wasikilizaji kuliko cha saa mbili kinachotoka pale watoaji wanapojisikia. Chumba chenye mapazia mazito, mkeka na kabati la nguo hutoa sauti safi kuliko sebule ya vigae. Feni izimwe. Kipaza sauti kiwe shibri moja tu kutoka mdomoni. Na yafaa kukumbuka kwamba msikilizaji wetu hununua bando kwa fedha yake: nusu saa ya mazungumzo ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 14 na kidogo tu, ambapo kwa kilobiti 128 huwa mara mbili yake, wala sikio la mtu anayepika halitambui tofauti. Kumpunguzia Muislamu gharama ni katika ihsani.

Jambo jingine la ufundi lina uzito zaidi. Msiufanye mlango wa kampuni moja kuwa ndio nyumba yenu. Programu ya Google Podcasts, iliyotumiwa na watu wengi wenye simu za Android, ilifungwa mwaka 2024. Waliokuwa na anwani yao wenyewe ya kipindi, ile inayosomwa na programu zote, pamoja na nakala za sauti zao nyumbani, hawakupoteza kitu ila usumbufu mchache. Basi kila kipindi kihifadhiwe mahali pawili, na kimoja kati ya hivyo viwili kiwe kifaa mnachokimiliki nyinyi.

Kisha kuna njia ya haraka ya kukua, nayo twaitaja ili ijulikane kuwa tunaijua. Ni kumtaja sheikh fulani kwa jina na kumshambulia. Wiki hiyo wasikilizaji huongezeka, naye sheikh hujibu, wiki ya pili huongezeka tena. Tumeliona hili tangu enzi za kaseti, na misikiti mingine bado haijapona majeraha yake. Wanaokuja kwa ajili ya matusi hawabaki kwa ajili ya twahara.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa maoni yetu, podikasti nyingi za vijana wetu hazifi kwa kukosa wasikilizaji. Hufa siku fedha ya kwanza inapoingia, kwa sababu haikuamuliwa mapema kipindi ni mali ya nani. Maadamu hakuna faida, kila mmoja husema “sote ni ndugu”. Faida ikibisha hodi, undugu huanza kupigiwa hesabu. Na Mwenyezi Mungu (S.W.), katika aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, amewaagiza waumini waandike wanapokopeshana kwa muda, ndogo au kubwa, wala wasichoke kuandika. Ikiwa deni la mtu na nduguye laandikwa, vipi kazi ya watu watatu ya miaka miwili iachwe bila hata mstari mmoja?

Hebu tukitazame kipindi hiki kwa jicho la fiqhi, kitu kimoja kimoja. Kompyuta ya baba: je, aliitoa kuwa zawadi, aliazima, au aliingiza mtaji? Ikiwa ni zawadi na mtoto ameikabidhiwa, imekuwa yake. Ikiwa ni azima, basi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.) mwazimwaji hudhamini kitu kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, kwa dalili ya deraa ambazo Mtume (S.A.W.) aliziazima kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn akamhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana. Kwa hiyo kompyuta ikiibwa, vijana wana deni kwa baba, naye baba ana hiari ya kusamehe. Ikiwa ni mtaji, baba ni mshirika na ana fungu lake katika faida na hasara. Swali hilo hilo liulizwe kwa kipaza sauti cha shemeji. Tunajua kwamba mama atasema, “Haya ni mambo ya nyumbani, nani atamdai mwanawe?” Lakini baba akifariki leo, kompyuta hiyo kama haikuwa zawadi imo katika mirathi, na warithi si mmoja.

Kazi ya vijana watatu ndiyo yenye mjadala mzuri zaidi. Ushirika wa kazi, yaani watu kukubaliana kufanya kazi na kugawana kipato bila ya kuweka mtaji, wanavyuoni wauita sharikatul abdan. Imam Shafi hakuusahihisha, kwa kuwa kazi ya kila mtu haidhibitiki kipimo na ghururi huingia ndani yake. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameuruhusu kila mmoja kwa masharti yake, na katika dalili zinazotajwa ni habari ya Ibn Mas'ud, Ammar na Saad (R.A.) walioafikiana siku ya Badri kushirikiana katika watakachokipata, Saad akaleta mateka wawili, wenziwe wasilete kitu. Kisa hicho hasa ndicho kinachowahusu vijana wetu, kwani katika podikasti mmoja husikika na wawili hawasikiki, ilhali anayehariri sauti usiku kucha huenda ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko msemaji.

Anayefuata madhehebu ya Shafi na anataka kutoka kwenye hitilafu ana njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni kila mmoja aingize mtaji wa fedha unaojulikana, hata ukiwa mdogo, na faida na hasara zigawanywe kwa kadiri ya mitaji. Ya pili ni mmoja awe ndiye mwenye kipindi, naye awalipe wengine ujira maalumu kwa kazi maalumu, kwa mfano kiasi fulani kwa kila kipindi kilichohaririwa. Wanaoufuata ushirika wa kazi kwa kauli ya maimamu wengine nao waandike sehemu ya kila mmoja kwa hesabu ya mafungu, thuluthi au robo, wala wasiandike kiasi maalumu cha shilingi, maana kiasi maalumu katika faida isiyojulikana huubatilisha ushirika. Tuonavyo sisi, kwa vijana watatu wasio na kitu ila muda, kauli hii ya maimamu watatu ni rahisi kuitekeleza, na katika hitilafu za wanavyuoni mna wasaa.

Na jina? Zamani ingesemwa kwamba jina halina thamani ya kuuzwa. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba jina la biashara, alama yake, utunzi na ubunifu ni haki za wenyewe zenye thamani ya mali, na haijuzu kuzidhulumu. Kwa hiyo kijana aliyebuni jina hakuleta jambo la upuuzi. Ana dai la kusikilizwa. Wakati huo huo, jina lilikuwa neno tu siku alipolibuni, na thamani liliyonayo leo imetokana na Alhamisi za watu watatu. Hapa mlango ni suluhu: ama alipwe thamani watakayoafikiana aliachie, ama lihesabiwe kuwa mtaji wake katika ushirika, ama kipindi kibadilishe jina. Kubadilisha jina kuna hasara, lakini wasikilizaji huifuata sauti waliyoizoea. Ama kutosalimiana, Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule atakayeanza kutoa salamu. Tangu Muharram siku tatu zimepita mara nyingi sana. Hili mama alisimamie kabla ya jambo lolote la fedha.

Ipo njia nyingine mbali na ushirika, nayo ni wakfu. Vijana, baba na shemeji wanaweza kusema kwa kauli iliyo wazi kwamba vyombo hivi tumeviweka wakfu kwa kufundisha dini. Kitu kinachohamishika huwekwa wakfu madhali chaweza kutumika na kubaki. Lakini wajue wanalolisema. Tangu hapo hakiuzwi kwa faida yao, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi, kama lilivyokuwa shamba la Umar bin Al-Khattab (R.A.) la Khaybar. Atakayekisimamia anaweza kulipwa kwa wema kwa kazi yake, kama Umar alivyomruhusu msimamizi ale kwa kadiri ya ada, ila hatakuwa na faida ya kugawana. Tunawaona wengine wanaosema mbele ya wachangiaji kuwa kipindi ni cha umma, na mbele ya wadhamini kuwa ni biashara yao. Hilo haliwezekani. Mchango uliotolewa kwa ajili ya kufundisha dini ni amana, na kuugeuza kuwa mtaji wa mtu ni hiyana.

Serikalini nako njia hizi mbili zina milango miwili. Kwa Tanzania Bara, jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA, na wanaotaka bodi ya wadhamini huenda RITA. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Haki za kazi za sauti zina ofisi yake, COSOTA. Aidha, tangu mwaka 2018 Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, ambazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kijana aende ofisini kwao aulize kwa maandishi kama kipindi chake chahitaji leseni, na kiasi gani, kabla ya kusaini mkataba wowote wa udhamini. Kumtii mwenye mamlaka katika lisilo la maasi ni sehemu ya dini, na faini moja yaweza kumaliza mapato ya mwaka.

Tumefika kwenye fedha. Je, yafaa kulipwa kwa kufundisha dini? Wanavyuoni wa mwanzo wa Kihanafi walikataza, wakitegemea mfano wa habari ya Ubada bin Samit (R.A.) na upinde aliopewa na mtu aliyemfundisha. Maimamu Malik na Shafi wameruhusu, na katika Bukhari imo hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) kuhusu masahaba waliomsomea aliyeumwa na mdudu mwenye sumu wakapewa kondoo, ambamo Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho kistahikicho zaidi kuchukuliwa ujira. Wahanafi wa baadaye nao waliruhusu walipoona kwamba elimu ingepotea. Kwa hiyo kijana asione haya kupokea ujira ulio halali. Mwalimu mwenye njaa hafundishi vizuri, na hili tunalisema sisi tuliofundisha madrasa kwa ada ya viazi na nazi.

Lakini udhamini wa ile kampuni ya mikopo haumfai. Ikiwa mkopo wake hurudishwa kwa nyongeza iliyoshurutishwa, hiyo ni riba, na katika hadithi ya Jabir (R.A.) iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawafanya sawa. Ikiwa mwandishi hakusalimika, msomaji wa tangazo lake katikati ya somo la fiqhi atasalimikaje? Zaidi ya hayo, wasikilizaji wake ni akina mama wanaomwamini. Atakuwa amewauza. Na asidhani kuwa hatari iko kwenye mkataba tu, kwani zipo kampuni za kuhifadhi podikasti zinazoingiza matangazo zenyewe bila mtoaji kuyasikia, na tangazo la kubeti laweza kutokea baada ya Bismillahi. Baadhi yao humpa mwenye kipindi uwezo wa kuzuia aina za matangazo. Aufanye uzuiaji huo kwanza, na pasipo na uwezo huo ahame.

Badala yake? Kipindi kidogo hakipati kitu kwa wanaolipa kwa kuhesabu maelfu ya wasikilizaji. Nguvu yake ni kwamba wasikilizaji wake wanajulikana. Muuza kanzu na mabaibui, duka la vitabu, mtengeneza biriani za harusi, mwandalizi wa safari za Umra ambaye uaminifu wake umepimwa, hawa wanaitafuta familia ya Kiislamu na wako tayari kulipa kwa mwezi. Ila waambiwe ukweli wa hesabu. Kwa kipimo kinachotumiwa sana na wafanyabiashara ya matangazo, dakika 1 tu ya sauti ikichukuliwa na simu huhesabiwa upakuaji mmoja, hata kama mtu hakuisikiliza. Kumwambia muuza kanzu kwamba pakuzi 900 ni watu 900 waliosikiliza mpaka mwisho ni ghishi.

Ama kuacha ufundi wa simu, tunamshauri kijana asiache sasa. Yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaowalisha, kama lilivyokuja katika hadithi. Mapato ya kipindi yaandikwe katika daftari peke yake, yasichanganywe na ya ufundi, na miezi 12 mfululizo ikipita huku fungu lake linatosha chakula, kodi na nauli, hapo atazame upya, tena afanye istikhara. Kwa sasa apunguze siku moja ya ufundi kwa wiki, aitumie kurekodi vipindi viwili badala ya kimoja, ili akiugua Alhamisi isipite bure.

Limebaki moja ambalo mama hakuliuliza. Vipindi karibu mia moja vimefungwa nyuma ya neno la siri, na neno hilo analijua mtu mmoja. Elimu yenye kunufaisha ni katika mambo matatu yanayoendelea kumfikia mja baada ya kufa kwake, lakini akaunti isiyolipiwa hufungwa. Basi katika wosia wa kijana huyu, ambao Muislamu mwenye kitu cha kuusia hapaswi kulala nyusiku mbili bila ya kuwa nao umeandikwa, ziongezwe sentensi tatu: sauti hizi zimehifadhiwa wapi, ada yake hulipwa lini kila mwaka, na ni nani kati ya wale wenzake wawili atakayekabidhiwa ufunguo.